Mshahara Umepanda, Mkopo wa Nyumba Umekwama: Uchambuzi wa Kisa

Mwombaji wa kisa hiki alipata kazi mpya yenye malipo yaliyozidi ya zamani kwa asilimia 20, na papo hapo uwezo wake wa kukopa ukashuka kwa karibu robo. Benki haikukosea hesabu, wala mwajiri mpya hakumlaghai. Yeye aliusoma mshahara wake kwa jumla, benki ikausoma kwa vipande, na kipande kimoja haikukihesabu kabisa.

Kisa chenyewe ni cha kupangwa, kutokana na mambo yanayojirudia kila mara katika maombi ya mikopo ya nyumba. Sarafu haitajwi, kwa sababu kinachoamua hapa ni uwiano wa namba na si ukubwa wake. Siku zimehesabiwa kuanzia siku benki ilipotoa idhini ya awali, yaani kukubali kwa masharti kabla ya maombi kamili. Siku hiyo tutaiita siku ya 0.

Hali ilivyokuwa kabla ya ofa ya kazi

Mwombaji alikuwa na miaka 4 kwa mwajiri mmoja, ajira ya kudumu, mshahara wa 3,000 kwa mwezi kabla ya makato, wote wa msingi. Alikuwa na deni moja tu, mkopo wa gari wenye rejesho la 210 kwa mwezi, uliobakiza miezi 16. Akiba yake ilikuwa mafungu mawili: 25,000 za kianzio, yaani sehemu ya bei ya nyumba anayoilipa mnunuzi mwenyewe, na 11,000 za dharura.

Benki aliyoiendea ina kanuni kwamba marejesho yote ya mkopaji, la nyumba pamoja na mengine yote, yasizidi asilimia 40 ya kipato kabla ya makato. Wapo wakopeshaji wanaotumia kiwango kingine, na wapo wanaopima kwa mshahara unaoingia mkononi, kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza afisa mikopo ni hili: asilimia ngapi, na ya mshahara upi? Kwa kanuni ya benki hii, asilimia 40 ya 3,000 ni 1,200. Ukitoa 210 za gari, zinabaki 990 kwa ajili ya nyumba.

Riba ilikuwa asilimia 9 kwa mwaka, muda wa miaka 20. Kwa masharti hayo kila 100,000 za mkopo hurejeshwa kwa 899.73 kwa mwezi. Namba hiyo ishike, maana ndiyo itakayofanya kazi mpaka mwisho wa kisa. Gawanya 990 kwa 899.73, zidisha kwa 100,000, unapata 110,033. Benki ikatoa idhini ya awali ya 110,000, yenye uhai wa siku 90.

Siku ya 12 alisaini mkataba wa mauziano wa nyumba ya 125,000. Alilipa arbuni ya asilimia 10, yaani 12,500, na salio la 112,500 likapangwa kulipwa ndani ya siku 60, maana yake siku ya 72. Alihitaji mkopo wa 100,000. Rejesho la nyumba 899.73 na la gari 210 ni 1,109.73, sawa na asilimia 37 ya mshahara. Alikuwa na nafasi ya kupumua. Siku ya 20 akawasilisha maombi kamili: slipu za mshahara za miezi 3, taarifa za benki za miezi 6, barua ya mwajiri, mkataba wa mauziano na kitambulisho.

Siku ya 27 ikaja ofa ya kazi.

Benki inavyoisoma barua ya ofa

Barua ilisema malipo ni "hadi 3,600 kwa mwezi". Ndani yake: mshahara wa msingi 2,400, na kamisheni ya mauzo ambayo mwajiri alikadiria kuwa 1,200. Kipindi cha majaribio miezi 6. Kazi ni ya fani ileile, ngazi ya juu kidogo. Ofa ilimpa siku 7 za kujibu. Mwombaji alitumia 3. Siku ya 30 aliikubali na kuwasilisha notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri wa zamani, ili siku ya 60 iwe ya mwisho na siku ya 61 aanze upya bila pengo.

Neno "hadi" peke yake linatosha kuiangusha barua. Mchambuzi wa mikopo hatafuti kiwango cha juu kabisa unachoweza kupata mwezi mzuri. Anatafuta kiwango ambacho mwajiri amejifunga kukulipa hata mwezi mbaya. Kamisheni ambayo bado haijawahi kulipwa, kwa benki nyingi, ni sifuri. Huko Marekani, mwongozo wa Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, unapendekeza kipato cha kamisheni kiwe na historia ya miaka 2, na kinachopungua hapo hadi miezi 12 kinaweza kukubaliwa iwapo mambo mengine ya mwombaji yanakifidia. Wakopeshaji wa kwingine wana miezi yao, lakini mantiki ni moja: wastani huhesabiwa kwa fedha zilizokwisha kuingia.

Basi hesabu ya benki ikawa hii. Asilimia 40 ya 2,400 ni 960. Toa 210 za gari, zinabaki 750. Kwa 899.73 kwa kila 100,000, uwezo wa kukopa ni 83,358. Nyumba inahitaji 100,000. Pengo ni 16,642. Ukilazimisha mkopo uleule juu ya mshahara mpya, marejesho yanafika asilimia 46.2 ya kipato, na faili linakataliwa kabla mtu hajafika kusoma habari za majaribio.

(Kinyume chake ni rahisi mno. Anayetoka kwenye kamisheni kwenda kwenye mshahara wa msingi, hata kwa jumla ndogo, mara nyingi uwezo wake wa kukopa hupanda. Na anayeacha ajira ya kudumu kwenda kujiajiri, hata kama anaingiza mara mbili, kwa kawaida huombwa hesabu za biashara za mwaka 1 hadi 2, kwa hiyo yeye akope kwanza au asubiri.)

Kikwazo cha pili ni kipindi cha majaribio. Watu hukiona kama utaratibu wa ofisini tu, lakini kwa mkopeshaji kina maana ya kisheria: ni muda ambao ajira huweza kuvunjwa haraka na kwa sababu chache. Ujerumani, kwa mfano, majaribio yanaweza kufika miezi 6, na ndani ya muda huo upande wowote unaweza kuvunja ajira kwa notisi ya wiki 2. Mkopo wa miezi 240 uliosimama juu ya ajira ya notisi ya wiki 2 haumpendezi mchambuzi yeyote. Kwa hiyo benki hufanya mojawapo ya mambo matatu. Husubiri barua ya kuthibitishwa kazini. Hukubali lakini hupunguza sehemu ya thamani ya nyumba itakayoikopesha. Au hudai mkopaji mwenza mwenye ajira iliyothibitishwa. Kinachosaidia ni fani kuwa ileile, kutokuwa na pengo kati ya kazi na kazi, na miaka mingi kwa mwajiri aliyetangulia. Aliyebadilisha kazi mara 4 ndani ya miaka 2 na aliyebadilisha mara 1 ndani ya miaka 4 hawasomwi sawa, hata kama leo wote wako kwenye majaribio.

Siku ya 68

Kati ya siku ya 30 na ya 68 mwombaji hakuiambia benki neno. Hoja yake ilikuwa kwamba aliomba akiwa kazini, slipu ni za kweli, na mshahara unaongezeka, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Mthamini alifika siku ya 33, akaithamini nyumba kwa 125,000 kamili. Siku ya 41 ofa ya mkopo ikatoka, na mwombaji akaisaini.

Hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, na si siku ya 30. Ndani ya ofa za mikopo ya nyumba kwa kawaida kuna kifungu kinachosema mkopaji atamjulisha mkopeshaji mara moja mabadiliko yoyote ya ajira, kipato au madeni kabla ya fedha kutolewa, na kwamba maelezo aliyoyatoa bado ni ya kweli. Alisaini hayo siku 11 baada ya kuwasilisha notisi. Kabla ya sahihi hiyo alikuwa na jambo ambalo hajalitaja. Baada yake alikuwa amethibitisha jambo lisilo kweli. Benki ikitaka kuwa kali, ina haki ya kuifuta ofa, na mahali pengine tamko la uongo katika maombi ya mkopo ni kosa la jinai.

Siku ya 68, siku 4 kabla ya tarehe ya malipo, ofisi ya benki ilipiga simu kwa mwajiri wa zamani. Simu hii haihusiani na tuhuma. Ni hatua ya kawaida. Kwa mikopo inayofuata mwongozo wa Fannie Mae tuliyoitaja, uthibitisho huu wa ajira hufanyika ndani ya siku 10 za kazi kabla ya tarehe ya kusaini hati ya deni. Mpigaji hatumii namba iliyoandikwa na mwombaji. Huitafuta mwenyewe namba ya mezani ya ofisi. Maswali ni mafupi: huyu bado ni mwajiriwa wenu, alianza lini, ajira yake ni ya aina gani, amewasilisha notisi? Na jibu lilikuwa fupi vilevile: aliondoka siku 8 zilizopita.

Utoaji wa fedha ukasimamishwa saa hiyohiyo. Mkataba wa mauziano nao haukusubiri. Ulikuwa na kifungu cha riba ya kuchelewa, asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio la 112,500. Hiyo ni 13,500 kwa mwaka, ukigawa kwa siku 365 ni 36.99 kwa kila siku kuanzia siku ya 72. Na nyuma ya riba kulikuwa na jambo kubwa zaidi: muuzaji, akichoka kusubiri, angeweza kuvunja mkataba na kubaki na arbuni ya 12,500. Mkataba haukuwa na kifungu cha mkopo, yaani sharti kwamba mnunuzi akinyimwa mkopo kwa nia njema anarudishiwa arbuni. Hata kama kingekuwepo, mnunuzi aliyeacha kazi kwa hiari katikati ya maombi angekuwa na shida kujieleza kuhusu nia njema.

Wazo la kwanza la watu wengi katika siku kama hiyo ni kukimbilia benki nyingine tatu kwa mkupuo. Ni wazo baya. Kila maombi huacha alama kwenye taarifa za mikopo, benki mpya itataka mthamini wake, na itaanza foleni upya. Na itauliza swali lilelile kuhusu kazi. Benki ambayo tayari ina faili, uthamini na ukaguzi wa hati miliki ndiyo iliyo karibu zaidi na fedha, hata kama imekasirika.

Siku 29 za kurekebisha

Siku ya 69 mwombaji alikwenda kwa afisa mikopo na mkataba mpya wa ajira mkononi, akaeleza kwa tarehe. Siku ya 70 wakili wake alimwandikia muuzaji kumjulisha ucheleweshaji na kukiri kwamba riba itahesabika. Barua hiyo ya wakili ilikuwa na uzito kuliko inavyoonekana: muuzaji anayepokea habari kabla ya tarehe, pamoja na ahadi ya kulipwa riba, ana sababu ya kusubiri. Anayeipata habari siku ya 73 ana sababu ya kutafuta mnunuzi mwingine.

Halafu yakaja mahesabu. Pengo lilikuwa 16,642. Kurefusha mkopo hadi miaka 25 kulijaribiwa kwanza: kwa asilimia 9, kila 100,000 hurejeshwa kwa 839.20, hivyo 750 zinabeba 89,371. Bado pungufu kwa 10,629, na kwa mkopo wa 100,000 jumla ya marejesho ingetoka 215,935 hadi 251,760. Ni kulipa 35,825 zaidi kwa ajili ya nafuu ya 60.53 kwa mwezi, na bado haifikishi.

Dawa ilikuwa kwenye gari. Salio la kulimaliza deni lile lilikuwa 2,700 tu. Lakini rejesho lake la 210 kwa mwezi, kwa kipimo cha benki, lilikuwa limekalia nafasi ya mkopo wa nyumba wa 23,340. Ondoa deni hilo, na 960 zote zinakuwa za nyumba: uwezo unapanda hadi 106,699. Watu wengi wenye fedha kidogo za ziada huziongeza kwenye kianzio. Hapa 2,700 kwenye kianzio zingepunguza mkopo unaohitajika kwa 2,700. Kwenye gari ziliongeza uwezo kwa karibu mara 9 ya hapo. Deni dogo lenye rejesho kubwa na miezi michache iliyobaki ndilo la kuuliwa kwanza. Uliza tu kama kuna adhabu ya kulipa mapema, na kama benki yako hainayo kanuni ya kutolihesabu deni lililobakiza miezi michache, maana zipo zenye kanuni hiyo.

Siku ya 71 alilipa. Barua ya kumaliza deni ilitoka siku ya 78. Siku hizo 7 hazikwepeki kirahisi, na ofisi ya taarifa za mikopo huonyesha mabadiliko baadaye zaidi. Kwa hiyo kinachopelekwa benki ni barua yenyewe pamoja na risiti.

Barua ya mwajiri mpya nayo ilibidi iandikwe upya, ikatoka siku ya 80. Toleo lililokubaliwa lilitaja mambo haya bila kuyachanganya: cheo, tarehe ya kuanza, kwamba ajira ni ya kudumu, mshahara wa msingi wa 2,400 katika mstari wake, kamisheni katika mstari mwingine, bila neno "hadi", urefu wa majaribio na tarehe yanapokwisha, muda wa notisi ndani ya majaribio na baada yake, kwamba masharti ya kuajiriwa, kama kupima afya na kuulizia marejeo, yameshatimizwa, na jina la ofisa rasilimali watu, namba ya mezani na barua pepe ya kampuni. Barua ya kwanza ilikuwa na namba ya simu ya mkononi na ilisema ofa "inategemea marejeo". Sharti ambalo halijafungwa ni sawa na ajira ambayo haijaanza.

Faili likaingia siku ya 81 na kurudishwa siku ya 84, kwa kosa ambalo karibu kila anayebadilisha kazi katikati ya mwezi hukutana nalo. Mwombaji alianza siku ya 61, na mwezi ukaisha siku ya 71. Slipu yake ya kwanza ilikuwa ya siku 11: 2,400 mara 11 gawanya kwa 30, yaani 880. Aliyeingiza takwimu alisoma 880 kama mshahara wa mwezi. Kwenye mfumo, mtu wa mshahara wa 880 alikuwa anaomba mkopo wa rejesho la 899.73. Sentensi moja kutoka rasilimali watu, kwamba slipu hiyo ni ya siku 11 za kazi na mshahara kamili ni 2,400, ingeambatanishwa toka siku ya 81 ingeokoa siku 5. Faili lilirudi mezani siku ya 86.

Kulikuwa na mambo mengine mawili madogo ya kueleza. Mwajiri wa zamani alimlipa siku za likizo zilizobaki, na kiasi hicho kikaonekana kwenye taarifa ya benki kama fedha nyingi zisizo na asili. Nakala ya hesabu ya mwisho ya mwajiri ilimaliza swali. Na bima ya maisha aliyokuwa nayo kupitia kazi ya zamani ilikoma alipoondoka, hivyo akachukua bima ya mkopo kwa jina lake. Aliyekuwa na mkopo wa mwajiri angekuwa na tatizo la tatu, kwa sababu mikopo hiyo mara nyingi hudaiwa yote kwa pamoja siku ya kuondoka.

Siku ya 92 uamuzi ulitoka. Benki ilikubali kumkopesha akiwa kwenye majaribio, kwa kuwa fani ni ileile na hakuna pengo hata la siku moja, lakini kwa asilimia 75 ya thamani badala ya 80. Asilimia 75 ya 125,000 ni 93,750. Kwa hiyo alitakiwa kuongeza 6,250 kwenye kianzio, akaziweka kwenye akaunti ya amana ya wakili siku ya 93. Siku ya 95 benki ilimpigia simu mwajiri mpya kwa maswali yaleyale ya siku ya 68. Siku ya 98 fedha zilitoka. Rejesho: 843.50 kwa mwezi, asilimia 35.1 ya mshahara wa msingi.

Gharama aliyobaki nayo

Nyumba ilipatikana, kwa hiyo mtu anaweza kusema mambo yaliisha salama. Tazama fungu la dharura kwanza. Zilikuwa 11,000. Toa 2,700 za gari, toa 6,250 za kianzio, toa riba ya kuchelewa ya siku 26 ambayo ni 961.64. Zinabaki 1,088. Hiyo ni rejesho moja na kidogo, mkononi mwa mtu aliye kwenye majaribio kwa karibu miezi 5 ijayo, ambaye theluthi ya malipo yake yaliyokadiriwa inategemea mauzo. Akiba yake ilikuwa nyembamba kuliko wakati wowote katika miezi ileile ambayo kazi yake ilikuwa rahisi kupotea kuliko wakati wowote.

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo gharama kubwa ya kisa hiki kuliko zile 961.64. Benki hupima kama unaweza kulipa kwa mshahara huu. Haipimi utaishi vipi mshahara huu ukikatika miezi mitatu baadaye. Baadhi hudai uonyeshe akiba ya miezi kadhaa ya marejesho baada ya kununua, na mwombaji anayeona sharti hilo kuwa usumbufu angefaa kulifikiria mara ya pili.

Siku ya 27 ingeweza kuwa nyingine

Mawazo mawili hujitokeza, na moja ni mtego. Mtego ni kuikubali ofa kimya kimya lakini kusogeza tarehe ya kuanza hadi baada ya siku ya 72, ili simu ya siku ya 68 imkute bado yuko kazini. Simu ingepita. Kifungu cha siku ya 41 kisingepita, kwa sababu aliyekwisha kusaini kazi nyingine anajua kipato chake kitabadilika, na hilo ndilo aliloulizwa. Kusogeza tarehe ni halali kabisa pale benki inapojua.

Wazo la pili lilihitaji mazungumzo na mwajiri mpya, si na benki. Badala ya 2,400 za msingi na 1,200 za kamisheni, angeomba 2,700 kwa 900. Jumla ni ileile 3,600, na mwajiri anabeba hatari ya 300 tu kwa mwezi. Asilimia 40 ya 2,700 ni 1,080. Ukitoa 210 za gari, zinabaki 870. Mkopo wa 93,750 unahitaji 843.50. Ungepita bila kuligusa deni la gari. Angelipa 6,250 za kianzio, asingelipa riba ya kuchelewa, na angebaki na 4,750 za dharura, sawa na marejesho 5 na nusu. Kama mwajiri hataki kubadilisha mshahara wa msingi, anaweza kukubali kamisheni ya uhakika kwa miezi 6 ya kwanza, lakini hiyo husaidia tu kwa benki inayokubali kuihesabu, na lazima iulizwe kabla.

Siku ya 27 faili lilikuwa na siku 7 tu mezani, ofa ya mkopo ilikuwa haijatoka, na zilibaki siku 45 hadi tarehe ya malipo. Marekebisho yote ya baadaye yalichukua siku 29, kuanzia siku ya 69 hadi ya 98. Yangetosha ndani ya 45, hata kama slipu ya kwanza ingetoka siku ya 72 yenyewe na kuhitaji idhini ya kuitumia barua badala yake. Kilichohitajika ni ujumbe mmoja kwa barua pepe, si kwa simu, ili ubaki na tarehe:

"Ndugu Afisa Mikopo, leo nimepokea ofa ya ajira kutoka kwa mwajiri mwingine katika fani yangu ileile. Sijaikubali, na sijawasilisha notisi kwa mwajiri wa sasa. Mshahara wa msingi ni 2,400, na kuna kamisheni ambayo haina historia. Majaribio ni miezi 6. Tarehe ya kuanza inaweza kupangwa. Naomba kujua kwa maandishi: kamisheni itahesabiwa kwa kiasi gani, kama ipo, mkiwa na mkopaji aliye kwenye majaribio mnakopesha asilimia ngapi ya thamani, mnahitaji slipu ngapi za mwajiri mpya, na kama barua inatosha iwapo slipu ya kwanza ni ya siku chache, na kama siku ya malipo iliyo kwenye mkataba wa mauziano bado inawezekana. Nakala ya barua ya ofa nimeiambatanisha. Natakiwa kumjibu mwajiri huyo ndani ya siku 7."

Jibu likichelewa, anamwomba mwajiri mpya siku 5 zaidi, jambo ambalo waajiri wengi hulikubali likiombwa mapema. Notisi kwa mwajiri wa zamani haitoki mpaka jibu la benki liwe limeingia kwa maandishi.